Matope ya Lualaba na shamba la mama mukubwa

Jumanne, Lubumbashi. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na imenyamaza sasa hivi tu, jioni inapoanza kuingia. Barabara yetu hapa mtaa wa Kenya imekuwa uji mwekundu. Nilirudi kutoka kazini nikiwa nimebeba viatu mkononi, nikaosha miguu kwenye beseni. Sasa naandika. Hapa angalau hakuna uso unaonitazama.

Leo tumechagua pahali pa kulaza matope ya mto. Pahali penyewe ni shamba la mama mukubwa Véronique, dada mkubwa wa mama yangu, mwanamke aliyenilea. Yuko chumba cha pili, anakunja nguo zake.

Aliyeonyesha shamba lake kwenye ramani ni mimi.

Nieleze vizuri, maana kuna wanaosoma hapa bila kunifahamu. Mimi ni mhandisi wa maji katika ofisi ndogo mjini. Tangu mwaka jana tunatayarisha mpango wa mto Lualaba, kipande kile cha kuteremka kutoka Bukama ambako watu na mizigo husafiri kwa boti. Mto umejaa mchanga. Kiangazi kikifika boti zinakwama, na kijiji kinaweza kukaa majuma bila chumvi, bila dawa, bila mtu kutoka wala kuingia. Basi wakubwa wamekubali kuleta mashine ya kunyonya mchanga na matope kutoka chini ya mto, ili njia ibaki wazi mwaka mzima.

Watu wakisikia habari hiyo huuliza mashine itakuja lini. Karibu hakuna anayeuliza matope yatakwenda wapi. Swali hilo ndilo kazi yangu.

Na ni swali gumu kuliko linavyosikika. Ukiyamwaga kando ya maji, mvua ya kwanza inayarudisha mtoni, na mwaka unaofuata unachimba kitu kilekile. Tena hayatoki mara moja. Mto hautaacha kuleta mchanga kwa sababu sisi tumetoa kidogo. Kila kiangazi mashine itarudi, na kila kiangazi kutakuwa na matope mapya, mpaka watoto wetu wazeeke. Isitoshe, tulipopima matope ya sehemu fulani tulikuta yana shaba na madini mengine yanayoteremka na maji kutoka upande wa machimbo. Si pahali pote, lakini panatosha. Matope ya namna hiyo huwezi kumpa mkulima ukamwambia ni mbolea. Lazima yafungiwe ndani ya kuta za udongo mgumu, juu ya mahali mafuriko yanapofika, na yakae humo.

Kwa hiyo tulitafuta uwanda ulioinuka, wenye udongo unaoshika maji, usio mbali na mto. Tulipata pahali patatu.

Pa kwanza palikuwa nyuma ya reli, kwenye ardhi kavu ambayo hata mbuzi hawaipendi. Niliipigania ardhi hiyo kwa miezi. Nilichora bomba, nikachora pampu za kusukuma matope mpaka kule juu. Wanaotoa pesa za mpango waliangalia mafuta ambayo pampu zingekunywa kila mwaka, wakakataa. Nilirudi na mchoro mwingine, wakakataa tena, safari hii bila kukaa vizuri kwenye viti vyao.

Pa pili ni ziwa dogo lililo pembeni ya mto, lenye matete na maua ya maji. Monsieur Prosper, mkuu wangu, alilipenda sana. Hakuna nyumba pale, hakuna shamba, hakuna mtu wa kulipwa fidia. Kwenye ramani ni doa la buluu tu.

Pa tatu ni uwanda wa Kilumbe. Hapo ndipo kwetu.

Mama yangu alikufa nikiwa bado mdogo. Baba alikuwa mgodini, na wakati wa likizo alinipandisha treni kwenda kwa mama mukubwa, na likizo moja ikawa mwaka, na mwaka ukawa utoto wangu wote. Baba mukubwa, marehemu mume wake, alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu hakutaka kubaki mjini. Alipewa ule uwanda na mkuu wa kijiji, kichaka kitupu, akakifyeka kwa mikono yake huku amevaa kofia yake ya kazi, kana kwamba treni ingeweza kupita pale wakati wowote na kumhitaji. Udongo wa pale ni mweusi. Karanga ukizing'oa zinatoka na tonge la ardhi linalonuka vizuri, hata sijui niliseme vipi. Mahindi yake tulikuwa tunayala mabichi.

Nasema tulikuwa, mimi na Thérèse.

Thérèse alikuwa mtoto wa mama mukubwa. Tulikuwa sawa kwa umri, tulilala mkeka mmoja, na watu wa kanisani walituita mapacha ingawa yeye alikuwa mrefu na mimi mfupi. Mimi nilikuja kusoma chuo kikuu hapa Lubumbashi, kule Kasapa. Yeye aliolewa kule kule, akazaa watoto wawili, na alipokuwa na mimba ya tatu uchungu ulianza vibaya. Walimweka kwenye boti kumpeleka hospitali mjini Bukama. Ilikuwa kiangazi. Boti ilipanda juu ya mchanga katikati ya mto na ikakaa hapo. Wanaume waliteremka majini, wakasukuma mpaka jua likazama, wakalala, asubuhi wakaanza tena. Mama mukubwa alikuwa amemshika kichwa mapajani. Kabla ya saa sita mchana Thérèse alikufa, na mtoto tumboni pia, na mji ulikuwa unaonekana kwa macho. Mama mukubwa aliniambia jambo hilo mara moja tu katika maisha yake: kwamba alikuwa anaona moshi wa jikoni za watu mjini.

Watu husema nilichagua kazi ya mito kwa sababu yake. Si kweli. Nilichagua kwa sababu kulikuwa na kazi. Lakini ni kweli pia kwamba siwezi kusoma vipimo vya kina cha maji bila kuwaona wale wanaume wamesimama, maji yakiwafika magotini tu, katikati ya mto mkubwa vile.

Watoto wawili wa Thérèse, mama mukubwa ndiye anayewalea. Anawalea kwa shamba lile. Karanga zinauzwa Bukama, zinakuwa shule. Mihogo inabaki nyumbani, inakuwa bukari, ugali wetu.

Nilipoona uwanda wa Kilumbe umeingia kwenye orodha, nilikwenda ofisini kwa Monsieur Prosper nikafunga mlango. Nilimwambia kwamba ile ni ardhi ya familia yangu na nikamwomba ampe mtu mwingine kazi ya kulinganisha. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema hana mtu mwingine anayeujua mto ule, na kama mwishoni nitachagua ziwa, watu watasema nimeokoa ndugu zangu, na kama nitachagua uwanda hakuna atakayesema kitu. Kisha akasema yeye mwenyewe angechagua ziwa na kulala usingizi.

Ningeweza kumwachia. Hilo ndilo linaloniuma leo. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tu.

Lakini ziwa lile nalijua. Mvua zikianza, samaki wa mto wanaingia mle kutaga, na maji yakishuka wale wadogo wanatoka kwenda mtoni. Vijiji vyote vya ukingo ule, juu na chini, vinakula kutokana na doa lile la buluu. Ukilijaza matope yenye shaba, hutaona kitu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu, wa nne, wanawake wataanza kurudi na vikapu vyepesi, na hakuna atakayekumbuka kutuuliza sisi. Shamba la Kilumbe linalisha nyumba chache. Ziwa linalisha watu ambao siwezi hata kuwahesabu.

Leo asubuhi katika mkutano nilisema hayo yote. Nilisimama mbele ya wageni wanaotoa pesa, mvua ikipiga mabati hata ikabidi nipaze sauti, na nilieleza samaki, na mafuriko, na udongo wa uwanda unavyoshika maji kama chungu. Nilionyesha kuta zitakapopita. Niliomba kwamba wenye mashamba wapewe ardhi kwa ardhi, si bahasha ya pesa, na kwamba visima vya kuangalia maji vichimbwe kuzunguka matope na vipimwe kila mwaka. Visima walikubali. Kuhusu ardhi walisema itaangaliwa. Nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua neno hilo huwa linaishia wapi.

Halafu walipiga makofi. Mgeni mmoja alisema ni kazi safi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa kitambo kidogo, kama mtu anavyofurahi mwalimu akimsifu, kisha nikatazama ramani ukutani nikauona mstari wangu mwekundu umezunguka shamba la baba mukubwa, kona hadi kona.

Niliomba ruhusa, nikatoka. Sikungoja basi. Nilitembea kwenye mvua.

Mama mukubwa yuko kwangu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya goti lake. Daktari anamwona kila juma, na limeanza kupata nafuu. Sasa anakwenda mpaka sokoni na kurudi, anagombana na wauza sombe, majani ya mihogo, kuhusu bei, anarudi amechangamka. Nilimkuta jikoni anatwanga sombe hiyo kwenye kinu. Alijua kwamba leo kulikuwa na mkutano. Alijua pia kwamba uwanda ulikuwa miongoni mwa pahali patatu, kwa sababu nilimwambia tangu siku ya kwanza, na tangu siku ile hakuwahi kuniuliza. Kila nikirudi kazini alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Leo hakuniuliza kama nimekula. Aliangalia viatu mkononi mwangu, akaweka mchi chini, akauliza kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Ni wapi banachagua?"

"Ni kule kwetu, mama. Ni ku shamba yenu."

Nje maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye bati kuingia kwenye ndoo. Nilidhani atauliza kuhusu fidia, kama watu wote wanavyouliza. Aliuliza jambo lingine.

"Ni nani alionyesha?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga: kwamba ni ofisi, kwamba ni wageni, kwamba ni udongo wenyewe. Yote yana ukweli ndani yake.

"Ni mie, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina la mgonjwa ambaye tayari alijua hali yake. Nikaanza kumweleza ziwa na samaki. Alinisimamisha kwa kuinua mkono. Akasema samaki anawajua kabla mimi sijazaliwa, na kwamba kama tungeziba ziwa, vijiji vya chini vingelia. Hakusema nimefanya vizuri. Alisema tu kwamba anajua.

Kisha akauliza kama shamba litarudi. Kama baada ya miaka, matope yakikauka, mtu anaweza kupanda. Kuna wahandisi wanaosema ndiyo kwa swali hilo. Wanasema majani yatamea, ardhi itafufuka, tutapanda miti. Nilimwambia hapana. Miti labda. Chakula hapana, si kwake, si kwangu, si kwa watoto wa Thérèse. Matope yatapanda mpaka yafike urefu wa nyumba na yatakaa hapo, na jambo jema kuliko yote yanayoweza kutokea ni kwamba yasiende popote.

"Na boti itapita?"

"Itapita."

"Hata mu kiangazi?"

"Hata mu kiangazi, mama. Mwanamuke wa mimba atafika ku hospitali."

Hapo ndipo alipolia. Sijamwona akilia tangu mazishi ya Thérèse. Hakutoa sauti, machozi yalishuka tu na yeye akawa anayafuta kwa mgongo wa mkono wenye majani ya sombe, na uso wake ukabaki na alama za kijani. Nilitaka kumsogelea. Sikusogea.

Akasema, "Ile siku Thérèse alikufa, kama balikuya kuniomba shamba, ningeitoa. Na nyumba ningeitoa. Leo njo banakuya kuomba, na bana ba Thérèse beko nakula mu ile shamba."

Leo ndipo tumekuja kuomba, wakati watoto wa Thérèse wanakula kutoka shamba lile.

Nilimwambia kuhusu ardhi kwa ardhi, kwamba nimeiomba na nitaendelea kuiomba, kwamba kesho naingia kwa Monsieur Prosper kabla hajavua koti. Alisema ardhi nzuri yote ya upande ule ina wenyewe, na yeye hawezi kufika kwa watu uzeeni na watoto wawili na kusema nimetumwa na projet, mpango wa mto, nisogezeeni. Alisema hilo bila hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Ningepiga magoti, ningeomba, tungemaliza. Yeye alikuwa anahesabu tu, kama mwanamke anayeangalia unga uliobaki kwenye debe.

Tulimaliza kupika pamoja. Yeye alisonga bukari, mimi nikakaanga samaki wadogo. Tulikula kidogo. Binti yangu aliporudi kutoka shule alituangalia mmoja mmoja, akachukua sahani yake akaenda kula sebuleni. Mama mukubwa akanawa mikono, na ndipo aliposema lile lililobaki.

Anataka kurudi Kilumbe. Nilimkumbusha goti na daktari. Akasema goti litasubiri, karanga hazitasubiri, na kama huu ni msimu wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, hataki zing'olewe na watu wengine yeye akiwa Lubumbashi anapakwa dawa. Nikasema sawa, nitaomba motokari ya ofisi, kwa vyovyote wiki ijayo ujumbe wetu lazima uende kuwaambia wanakijiji.

"Ile siku ya kubaambia, usiende na motokari ya projet," akasema. "Utaenda na mie, na treni. Utashuka sawa mutoto ya nyumba, utaikala chini na bantu, utabaambia na kinywa yako."

Nilimwambia kwamba nikikaa chini na watu kama mtoto wa nyumba, wanaweza kunifukuza. Akasema ndiyo, wanaweza. Akasema atakuwa amekaa karibu nami. Hakusema atanitetea.

Kisha akaingia chumbani kukunja nguo.

Sijui kama amenisamehe, na nadhani swali hilo si langu kuuliza. Ningependa kuandika hapa kwamba nimefanya lililo sawa na moyo umetulia. La kwanza naamini. La pili si kweli. Nimekuwa nikidhani kwamba mtu akichagua vizuri anapata amani kama mshahara wake. Leo nimechagua vizuri kadiri ninavyojua, na ninajisikia kama mtu aliyeiba.

Nimeuliza habari za treni. Mtu wa stesheni anasema labda Ijumaa, labda Jumamosi, ikipata kichwa cha kuivuta. Nimemwandikia Monsieur Prosper kwamba nitatangulia na mama mukubwa, bila ujumbe wa ofisi, na kwamba mpaka nirudi asipeleke mtu yeyote wa kupima. Amejibu kwa neno moja: sawa. Kesho nitamkumbusha ile ardhi tena, na kesho kutwa tena, mpaka anichoke.

Kitu kimoja kinanitia hofu kuliko kufukuzwa. Kwa Kifaransa nina maneno yote: pahali pa kuhifadhia, muda mrefu, athari, fidia. Nimeyaandika mara nyingi hata yameacha kuwa na uzito. Lakini wazee wa Kilumbe nitawasemesha kwa Kiluba, na Kiluba changu ni cha mtoto. Kina maneno ya chakula, ya kusalimia, ya kuita mtu aje kuoga mtoni. Kina maneno ya msiba, kwa sababu hayo nilijifunza mapema.

Katika hayo, nianze na lipi?